Picha na nyota za mtandaoni zilizokupeleka kula mji wa watu, tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni, naanza mimi. Mwaka jana nashuka boti Unguja simu imejaa picha za Forodhani, zile za usiku, taa, moshi, mishikaki ya kamba na pweza imepangwa kama duka la sonara. Nikamwonyesha jamaa mmoja picha nikamwambia nataka kama hii, akanijazia sahani, kuja kulipa elfu 45 na pweza mwenyewe anatafunika kama ndala. Bei sikuuliza, nilikuwa bize napiga picha. Kesho yake dereva wa boda ananiuliza, urojo umekula? Nikamwambia nimeuona mtandaoni, kama uji uliomwagika. Akanipeleka uchochoroni, benchi moja tu, bimkubwa anatia viazi, bajia, kachori, yai, anamwagia ule mchuzi wa njano wenye uchachu wa embe, chatini ya nazi, juu chipsi za muhogo. Nilipiga bakuli mbili. Picha niliyopiga mbaya mpaka leo sijaiposti popote, na ndo maana kwa bimkubwa hakuna foleni ya wageni. Nyie je?

Mla_Dagaa: Mi Dar, nyota 4.7, mgahawa wa ufukweni. Wali baridi, samaki saa nzima hajaja. Nimerudi home nasoma upya zile komenti moja moja, watu wote wanasifia machweo, bembea na choo kisafi, hakuna hata mmoja aliyetaja chakula 😂

Mtoto_wa_Mji_Mkongwe: Kakaangu pole, ila bei Forodhani huulizwa kwanza. Mie huku kinachonchekesha ni ile piza yetu, unga wa chapati unatiwa nyama ya kusaga na yai unakaangwa kwenye bati. Mgeni mmoja nilimsoma katoa nyota 2 eti haijapita kwenye oveni. Sasa oveni ya nini?

Kibokoni_damu: Mamangu anauza mahamri na mbaazi za nazi hapa Mombasa, kibarazani, asubuhi tu. Kuna mteja akapiga picha akaitia kwenye ramani ya Google bila kumwambia. Wiki hiyo watu wakaanza kuja saa tano, mahamri yameisha tangu saa mbili, mmoja akaandika "huduma mbovu, pamefungwa" nyota 1. Mama hata hiyo simu hana, mimi ndo nlimsomea. Akaniuliza tu, huyo alikuja saa ngapi? Afu akaendelea kukuna nazi.

Raha_Tanga: Na sisi Tanga hatupigwi picha kabisa, acheni tule samaki wetu kwa amani.

Mleta mada: @Kibokoni_damu dada nitumie basi lokesheni ya mama, nakuja Mombasa mwezi ujao, nitawahi.

Kibokoni_damu: Situmi. Ukifika uliza watu.