Naomba ushauri: filamu naistahi, lakini hainigusi
Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu Jeanne Dielman, filamu ya Chantal Akerman ya mwaka 1975 inayomfuata mjane wa Brussels kwa siku tatu za kazi za nyumbani, na ambayo mwaka 2022 wahakiki walioulizwa na jarida la Sight and Sound waliiweka juu ya filamu zote.

Ustadi wake nauona: kamera haisogei, muziki wa kusindikiza haupo, na pale Delphine Seyrig, anayeigiza mjane huyo, anapomenya viazi vipya baada ya vya mwanzo kuiva kupita kiasi, mikono yake peke yake inaonyesha kwamba utaratibu wa maisha yake umeanza kuvunjika. Hata hivyo, kwa dakika zote 201 nilibaki kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni asipewe kiti, na mwisho wake, ambao sitausimulia, niliuelewa bila kuguswa.

Walioipenda waliingilia mlango gani? Niirudie kwa vipande, siku moja ya mama huyo kila jioni (ingawa nashuku kuikatakata ni kuiharibu), au nitangulize kazi nyingine fupi za mwongozaji huyu?