Mtihani mmeshaufuta, haya tarehe mpya iko wapi? Wazazi tumechoka!

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa nimekasirika kwa hiyo mtanivumilia, na mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa wanaosubiri matokeo, hii ni habari nyingine kabisa.

Hivi nani kawaambia hawa watu kwamba kazi yao inaishia kwenye kufuta? Kufuta wanajua, tena wanajua haswa. Tangazo linatua usiku kwenye grupu la wazazi, picha ya karatasi iliyofowadiwa mpaka muhuri umebaki doa la bluu, tunaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe ni la kweli au feki, mwalimu mkuu anapigiwa hapokei, asubuhi ndo tunajua kumbe la kweli. Unalisoma: wanasikitika, mtihani umefutwa baada ya kubainika kwamba ulivuja, wazazi na wanafunzi wawe watulivu, taarifa zaidi zitatolewa kwa wakati muafaka. Basi! Hamna tarehe, hamna kama yanarudiwa masomo yote au yale yaliyovuja tu, hamna wa kumuuliza. Namba iliyoandikwa chini inaita mpaka inakata.

Huo wakati muafaka ni wa nani? Wao mshahara unaingia, sisi tuna mtu ndani anatuangalia usoni anasubiri jibu. Wa kwangu kaniuliza swali moja tu, "kwa hiyo nisome au nisisome?" na mimi mtu mzima na akili zangu nimekosa cha kumwambia. Nikisema soma, asome mpaka lini? Nikisema pumzika, halafu kesho kutwa watoe tarehe ya wiki inayofuata, hiyo lawama ni yangu maisha yote. Baba yake anasema mwache alale, mimi nasema ashike daftari hata saa moja tu kwa siku, tumeshagombana na baba yake kwa jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelianzisha.

Ratiba ya mtihani bado iko ukutani, kaibandika mwenyewe, kila somo alilomaliza kalipigia tiki kwa kalamu nyekundu. Hesabu kaizungushia mara mbili, maana ndo somo lililokuwa linamtoa jasho na siku ile alitoka kwenye pepa anacheka. Sasa ile tiki ya hesabu ina maana gani? Notsi zake alishamgawia mdogo wake, mdogo mtu keshachora magari kwenye kemia nzima na kurasa nyingine kazitengenezea ndege za karatasi. Nani anamrudishia zile notsi? Halafu naambiwa niwe mtulivu.

Watu wasiokaa na watoto wanadhani kuahirisha mtihani ni kuhamisha siku kwenye kalenda. Mtoto si redio, kwamba uzime leo uwashe mwezi ujao iendelee ilipoishia. Mwaka mzima alikuwa anapandisha moto, kulala kidogo, pasti pepa, mitihani ya majaribio, makundi ya kujisomea na wenzake, kila kitu kilipangwa kiishie siku ile ya pepa la mwisho. Siku ile ikipita bila kitu kuisha, wengine wanalala mpaka jua la utosi, wengine wanakuwa wakali, mmoja wa rafiki zake hataki hata kusikia neno shule likitajwa. Na walio na fikra mbaya zaidi wanajiambia kwani ukisoma kwa haki unapata faida gani, aliyenunua pepa na asiyenunua wote wamefutiwa. Hapo mzazi unamjibu nini? Mimi nilibaki nameza mate.

Shule nayo imenawa mikono. Silabasi iliisha, vipindi hamna, walimu wameshapangiwa madarasa mengine. Nimeuliza nikaambiwa watoto wanaruhusiwa kuja kujisomea. Kujisomea na nani? Wanakaa darasani peke yao wanapiga stori, mchana wanarudi. Ila subiri, likatoka tangazo jingine, hili halikuchelewa, lina tarehe, lina kiasi, lina namba ya akaunti: kambi ya kujiandaa na marudio, mzazi alipie mapema nafasi ni chache. Yaani mtihani wenyewe wa marudio haujulikani ni lini ila kambi yake ina tarehe!!! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Na wa madarasa ya chini hata hawatajwi. Wakati wa mtihani walikaa nyumbani kwa sababu madarasa yao yaligeuzwa vyumba vya mtihani na walimu wao ndo wasimamizi. Ukirudiwa watakaa tena. Vile vipindi vinafidiwa lini, hamna anayejua, ila mtihani wao wa mwisho wa mwaka utakuja palepale na silabasi nzima.

Sasa naomba nieleweke maana najua watakuja wajuaji hapa chini. Sitetei wizi. Pepa likivuja lifutwe, cheti cha mtihani uliovuja hakina thamani hata kwa yule aliyefanya kwa haki. Ugomvi wangu ni huu: pepa linatungwa na watu wazima, linachapwa na watu wazima, linafungwa kwenye bahasha, linatunzwa stoo, linasafirishwa chini ya ulinzi, linafunguliwa na msimamizi. Mtoto anakutana nalo mwisho kabisa wa huo mnyororo. Linapovuja, adhabu inaanzia kwa mtoto na mara nyingi inaishia hapohapo. Tangazo letu limetaja watoto, limetaja wazazi ambao "wanashiriki kununua mitihani", ila lile bahasha lilifunguliwa wapi na funguo za stoo alikuwa nazo nani, kimyaaa.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Tanzania mwaka 2018 mtihani wa darasa la saba ulifanyika Septemba, matokeo ya baadhi ya shule yakafutwa kwa udanganyifu, Oktoba hiyohiyo watoto wale wakarudia. Iliuma, watoto walilia, lakini angalau mzazi alijua siku. Kenya 2020 wakati wa korona ndo mfano wa kuchanganya watu: Julai wazazi wakaambiwa mwaka wa masomo umeishia hapo, hamna KCPE wala KCSE, yaani mitihani ya kumaliza msingi na sekondari, watoto watarudia darasa 2021. Oktoba 12 watahiniwa wakaitwa shuleni, mitihani ikaanza Machi 2021. Jiweke kwenye nafasi ya mzazi ambaye Julai alimwambia mtoto weka vitabu pembeni. India 2024, mtihani wa kitaifa wa wanaotaka kufundisha vyuo vikuu ulifanyika Juni 18, kesho yake ukafutwa, watu wameshasafiri wameshafanya wameshapumua. Uganda ndo usiseme, shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, kuna watoto waliondoka wanafunzi na hawakurudi tena darasani. Hilo la mwisho ni ugonjwa, naelewa, ugonjwa haukupigiwa kura na mtu. Kuvuja kwa pepa siyo ugonjwa.

Halafu kuna hii tetesi ndo inanitia homa kuliko zote, kwamba huenda mtihani usirudiwe kabisa wakatumia alama za shuleni. Nani kawaza hili? Anajua alama za shuleni zinapatikanaje? Kila mwalimu wa darasa la mtihani ninayemfahamu anasahihisha majaribio kwa mkono mgumu makusudi, ili watoto waogope wakaze. Binti wa jirani yangu alipewa 41 kwenye majaribio, mwalimu mwenyewe akamwambia mama yake usijali huyu ni wa sabini na kitu, nimembana tu asibweteke. Haya, ile 41 ya kumtisha ndo iwe cheti chake? Na shule nyingine zinafanya kinyume, majaribio mepesi wote wanapata tisini wazazi wanafurahi wanaendelea kulipa ada. Weka hizo alama mbili kwenye kapu moja uone nani anaenda chuo. Sijazungumzia mtoto anayechelewa kushika moto, yule ambaye mwezi wa mwisho ndo anafunguka, huyo alama zake za nyuma zinamzika kabisa.

Na msidhani wenye mitambo wameliweza. Uingereza 2020 walifuta mitihani, wakawaambia walimu wakadirie, kisha kompyuta ikayapitia yale makadirio kwa kuangalia shule ilifauluje miaka ya nyuma. Agosti 13 matokeo ya A-level yanatoka, karibu asilimia 40 ya madaraja waliyokadiria walimu yameshushwa! Mtoto mwenye akili kwenye shule ambayo haijawahi kufanya vizuri, kaumizwa na watu waliomaliza kabla yake. Kwenye somo lenye wanafunzi wachache makadirio ya mwalimu yaliachwa yalivyo, na masomo ya wanafunzi wachache unayakuta zaidi shule za kulipia, kwa hiyo mnajua nani alipona. Vijana wakaingia barabarani na mabango, na Agosti 17 serikali ikanywea ikarudisha makadirio ya walimu. Uskoti walishapita njia hiyohiyo wiki moja kabla. Sasa kama wenye takwimu za kila shule ilibidi warudi nyuma ndani ya siku nne, sisi tunaotumiwa picha ya karatasi iliyofifia tutatendewa nini?

Wapo wanaosema mzazi jiongeze, mtoto asome mtandaoni. Sawa. Nyumba yenye watoto wanne na simu moja inayoondoka na mama asubuhi kwenda kazini, huyo mtandao unapatikana saa ngapi? Wakati wa korona UNESCO walihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani waliotolewa madarasani, ukaona wazi, wenye kompyuta na chumba chao walisonga, wengine wakaambiwa wasikilize vipindi redioni. Na hata aliye na simu, acha nikwambie mimi ninayekaa naye, dakika kumi za somo zinafuatwa na masaa mawili ya video za watu wanaoanguka. Nikiwa kazini namsimamiaje?

Kwa hiyo wenye mamlaka mnaopita humu kimyakimya, najua mpo, tunachotaka siyo pole. Tupeni tarehe, hata kama ni mbali, tutaipanga. Tuambieni ni masomo yapi, tuambieni mtoto aliyetakiwa kujiunga chuo mwezi fulani nafasi yake inashikiliwa au imekwenda, maana vyuo navyo vina siku zao za mwisho na havisubiri wakati muafaka wa mtu. Mrudisheni mwalimu darasani mpaka siku ya marudio bila mzazi kuingia mfukoni tena, ada ya mtihani tulishalipa na mtihani hatujaupata. Na aliyeachia bahasha atajwe kwa cheo chake, siyo "hatua stahiki zimechukuliwa", zimechukuliwa dhidi ya nani?

Wazazi mnaopitia haya, tuache kulia kila mtu na grupu lake. Barua ya mzazi mmoja inaingia kwenye faili inakaa. Nimeshaandika rasimu, fupi, ina maswali hayo tu niliyouliza hapo juu, inataka jibu kwa maandishi. Walio tayari kusaini waseme hapa chini, na kama shule yenu imepewa tarehe kwa mdomo bila karatasi tafadhali wekeni, tulinganishe, maana nina wasiwasi kila shule inaambiwa lake.

EDIT: Nashukuru wote mliochangia. Mnaosema "lea mtoto wako acha kulalamika", nyie watoto wenu wana miaka miwili, tutaonana.

EDIT 2: Kuna mtu kanifuata PM ananiuzia pepa la marudio. LA MARUDIO. Mtihani ambao haujapangiwa hata siku, yeye eti anao na majibu yake, nitume hela ya kianzio. Bwana wewe, kwanza ni tapeli maana hilo pepa hata halijatungwa, pili kama kweli unalo basi wewe ndo tunayekutafuta. Skrinishoti zote ninazo pamoja na namba uliyotaka hela itumwe, nazipeleka polisi kesho asubuhi na nakala naibandika kwenye ile barua. Na wengine mliofuatwa na huyu mtu msifute meseji zake, nitumieni.