Tupeane uzoefu: binti yako, mdogo wako au wewe mwenyewe umewahi kupita mahabusu ya watoto? Ni nini kilichosaidia kweli?

Cherehani wa Tandika

Habari za jioni ndugu zangu. Naanzisha uzi huu nikiwa na akili zangu timamu, na mume wangu anajua. Naanza na yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 15, binti wa kazi kwenye nyumba moja hapa mjini. Mkufu wa dhahabu ukapotea. Sikuuchukua mimi, ila aliyekuwa hana mtu wa kumtetea mle ndani ni mimi. Nikafikishwa kituoni na kanga ya jikoni na ndala mbili za rangi tofauti. Askari akauliza umri, nikasema 15. Mama mwenye nyumba akadakia, "Huyu mkubwa, ana 18." Ikaandikwa 18. Kwa neno hilo moja nikalala siku mbili selo pamoja na wanawake watu wazima.

Usiku wa pili nikaingia kwenye siku zangu. Sikuwa na kitu, na askari wa zamu alikuwa mwanaume, nikaona aibu kusema. Nikajikunja pembeni na kuubana mgongo ukutani. Mama mmoja aliyekamatwa kwa gongo akaniangalia kidogo, akashika pindo la kanga yake, akalichana kwa meno. Akanisogezea bila kuongea chochote. Mpaka leo nikisikia kitambaa kinachanwa kazini kwangu, namkumbuka yule mama.

Asubuhi akaingia askari wa kike. Hakuniuliza nina miaka mingapi. Aliniuliza darasa la saba nimemaliza lini, nikamwambia 2011. Akahesabu kwa vidole, akafunga daftari, akaenda kumpigia simu ofisa ustawi wa jamii. Mchana wake nikahamishiwa mahabusu ya watoto, pale watoto wanapokaa wakisubiri kesi zao.

Kule wasichana tulikuwa wanne tu. Tulishauriwa, tulifundishwa, nashukuru kwa yote. Lakini kilichonifungua mdomo ni ungo wa mchele. Mama mpishi alikuwa anatuita kuchambua. Unakaa naye chini, macho yako yapo kwenye mawe na chuya, yake pia, hakuna anayemtazama mwenzake. Wiki ya pili nikajikuta namwambia kitu ambacho sikumwambia askari, wala ofisa, wala mama yangu mzazi: kwa nini nilikuwa nalala jikoni kwenye nyumba ile na mlango nimeuegemeza gunia la mkaa. Yeye akaendelea kuchambua. Akasema, "Hilo tutamwambia dada wa ustawi, mimi na wewe, pamoja." Na kweli tulienda wote wawili.

Kesi ilifutwa baada ya mlalamikaji kuacha kutokea. Nikatoka, nikaenda kwa shangazi Tandika. Ofisa ustawi alishafika pale kabla yangu, akakiona chumba nitakacholala na akakaa na shangazi kuongea.

Naomba mtupe na ninyi. Sheria naomba tusiibishanie sana, tuambizane lililomsaidia msichana na lililomkwamisha.

Mama Wawili, Mbagala

Asante kwa ujasiri mdogo wangu. Wa kwangu alikuwa na miaka 16, alimkata mwenzake shavuni kwa wembe shuleni. Sitamtetea kwa hilo, mtoto wa watu ana kovu mpaka leo na nilienda kwao kupiga magoti.

Siku ya mahakama ya watoto pale Kisutu nilivaa kama naenda msibani. Kichwani nilikuwa na picha ya kizimba na umati. Nikakuta chumba cha kawaida, hakimu, ofisa ustawi, sisi wazazi, basi, wasiohusika hawaingii. Nikaambiwa nikae karibu na mwanangu. Hakimu alimuuliza kama ameelewa alichosomewa, akasema ndiyo. Hakimu akamwambia, haya nieleze kwa maneno yako. Hakuwa ameelewa hata nusu. Akaelezwa upya mpaka akaelewa.

Aliachiwa chini ya uangalizi, kila wiki kuripoti ustawi. Mimi nilidhani kuripoti ni kusaini tu. Kumbe yule dada wa ustawi alikuwa anakaa naye saa nzima. Mwezi wa pili ndiyo nikajua ugomvi ule ulianzia kwa kijana wa bodaboda mwenye miaka 27 aliyekuwa anawachanganya wote wawili. Mtu mzima, na jina lake halikuwepo hata kwenye karatasi moja ya kesi. Watoto wa kike wawili, mmoja ana kovu, mmoja ana kesi, na yeye yupo kijiweni anasubiri abiria. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Mstaafu wa Ustawi

Mabinti zangu, nimewasoma kwa makini. Nimefanya kazi hii miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitasema niliyoyaona kwa macho.

Wavulana wanaletwa wengi, wasichana wachache mno, na kila kitu hupangwa kwa kufuata wengi. Shule ya maadilisho ya Irambo kule Mbeya, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, kwa muda wote niliokuwa kazini, ilikuwa ya wavulana. Kwa msichana hakimu alibaki na njia nyingine: uangalizi, dhamana ya tabia njema, kukabidhiwa ndugu anayefaa. Kusema kweli, kwa wengi hilo la ndugu lilikuwa bora kuliko kufungiwa popote. Tatizo ni kumpata huyo ndugu anayefaa, maana mara nyingi binti alikuwa anakimbia ndugu.

Faili la msichana linaanza na neno la kosa, wizi, uzururaji, kujeruhi. Kazi yetu ilikuwa kuandika taarifa ya uchunguzi wa jamii, kwenda nyumbani kwao, kwa mjumbe, shuleni, kwa majirani. Ukiiandika ukiwa mezani kwako, utaandika "mtoto mkaidi, hasikii wazazi." Ukienda Manzese ukakuta watu saba wanalala chumba kimoja na baba wa kambo, utaandika mengine kabisa, na hakimu atatoa amri nyingine kabisa.

Nina moja linanisumbua. Binti wa miaka 14, alikataa kuongea na mimi mara tatu. Nikaandika "haoneshi ushirikiano." Mwenzangu wa kike akaomba kwenda yeye. Akarudi na karatasi nne zimejaa. Mimi sikuwa mtu mbaya, lakini nilikuwa mwanaume wa umri wa yule aliyemuumiza, nimekaa mbele yake na kalamu. Tangu hapo sikumhoji tena msichana peke yangu. Yale maneno mawili yangu yapo kwenye faili mpaka leo, na sikuwahi kuyafuta.

Dada Mkubwa GLM

Samahani naingilia. Nimetafuta mada kama hii tangu saa tisa. Mdogo wangu ana miaka 16, anakaa na mimi Gongo la Mboto, yupo kituoni tangu jana jioni. Anatuhumiwa kuiba simu dukani alipokuwa anafanya kibarua. Nimeenda nimeambiwa upelelezi unaendelea na kwamba "ni mtu mzima huyu." Wazazi wapo Kigoma. Nifanye nini? Nalia tu hapa.

Msaidizi wa Kisheria

Dada pole sana. Futa machozi, chukua kalamu.

La kwanza ni umri, mengine yote yanafuata hapo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, awe ameota kifua au hajaota. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Hakipo? Kadi ya kliniki. Haipo? Shule aliyosoma, mwalimu mkuu apige picha rejesta ya uandikishaji akutumie kwa simu usiku huu huu. Kigoma siyo mbali kwa picha.

La pili, ukifika omba kuonana na mkuu wa kituo mwenyewe, kwa heshima, bila kelele. Mwambie: huyu ni mtoto, tunaomba ofisa ustawi wa jamii ajulishwe, na asichanganywe na watu wazima. Sheria inawataka polisi wamtenganishe. Kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto, anzia hapo, mara nyingi utakuta askari wa kike.

La tatu, dhamana. Mtoto anatakiwa kudhaminiwa, isipokuwa kwa mauaji na makosa mazito yaliyotajwa. Nenda na kitambulisho chako cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa mgongee mlango alfajiri, atakuelewa. Dhamana ya polisi hailipiwi, hata shilingi.

Ukikwama piga 116, ni simu ya watoto, bure. Na akifikishwa mahakamani bila dhamana, anatakiwa kupelekwa mahabusu ya watoto, hapa Dar ipo Upanga, siyo gerezani. Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela kwa sheria hii, kwa hiyo usimtishe na usikubali atishwe.

Cherehani wa Tandika

Dada GLM, mpelekee pedi, chupi mbili, kanga na sweta. Hata kama hajaomba. Usiulize mbele ya askari, mpe tu mfuko. Na mwambie unamwamini, kabla ya kumuuliza ameiba au hajaiba.

Bintiye Buza

Nilikuwa msomaji tu, ila leo naandika. Mimi nilikamatwa nikiwa na mimba ya miezi mitano, miaka 17. Nilikuwa nimemkimbia mwanaume nikachukua hela zake za nauli ya kurudi nyumbani. Akanishtaki wizi.

Kilichonisaidia: nesi. Nilipelekwa kliniki kama wajawazito wengine, na yule nesi hakuuliza kwa nini nimeletwa na askari. Alinipima, akanisikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto, akasema "mwanao anacheza." Nilikuwa na wiki tatu hakuna mtu aliyeniita mama wala mwanangu wala chochote zaidi ya "wewe."

Kilichonikwamisha: baada ya kutoka. Shule ilishanifunga mlango kwa ajili ya mimba, maana enzi hizo ndivyo ilivyokuwa. Tangazo la serikali la Novemba 2021 la kuturuhusu kurudi lilinikuta mtoto anatembea. Nikarudi kwa njia ya elimu ya watu wazima, nikakaa darasani na titi limejaa maziwa. Nilimaliza kidato cha nne.

Tatizo la kutoka ni kwamba hukabidhiwi kwa mtu. Unatoka getini, upo barabarani, daladala zinapita, kila kondakta anataja sehemu na wewe huna pa kushukia. Mwanaume wa kwanza atakayesema "twende nikupeleke" unapanda. Mimi nilipanda. Ilinichukua mwaka mwingine kutoka huko.

Mama Wawili, Mbagala

Pole sana mwanangu. Hilo la kukabidhiwa naliunga mkono kwa mikono miwili. Wangu alitoka akiwa na mimi, na bado mtaani nilihamisha chumba kwa sababu ya maneno.

Mstaafu wa Ustawi

Binti wa Buza amegusa penyewe. Tulikuwa tunahesabu kazi imekwisha kesi ikiisha. Bajeti ya nauli ya kumfuatilia mtoto nyumbani mara tatu nne baada ya kutoka, hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa. Ningerudi kazini leo, ningeomba hiyo kabla ya cherehani na kabla ya semina.

Cherehani wa Tandika

Baba yangu shikamoo, na asante kwa kusema hilo la maneno yako mawili ya kwenye faili mbele za watu. Mimi shangazi alifuatwa mara mbili tu, na mara ya pili ndiyo alishauriwa anipeleke kwa fundi jirani nikajifunze. Bila ile mara ya pili ningeshatafutiwa nyumba nyingine ya kazi za ndani.

Dada GLM yupo wapi? Kimya tangu asubuhi.

Dada Mkubwa GLM

Nipo. Mwalimu mkuu Kigoma alituma picha ya rejesta saa kumi na moja alfajiri, Mungu ambariki. Mwenyekiti aliandika barua akiwa na msuli kiunoni. Kituoni nilikaa benchi mpaka saa saba mchana, ofisa ustawi akaja, mwanamke, akaiangalia ile picha ya simu akawaonesha. Umri ukasahihishwa. Saa kumi wakampa dhamana. Jumatatu tunatakiwa kuripoti.

Hajasema kitu njia nzima. Nilimpa ule mfuko, akaushika kifuani mpaka tumefika. Sasa hivi yupo jikoni, nimempa mchele auchambue, nami nakaa naye chini. Naweka simu pembeni.