Pijo 404 SI MKWECHE! Wapenda magari ya zamani wa Dar mnatia aibu

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa kifuani siku tisa, leo nalitoa lote. Mwenye kukasirika akasirike.

Jumapili ya juzi niliamka saa kumi na moja alfajiri nikaosha gari la marehemu baba. Pijo (Peugeot) 404, ya mwaka 1968, rangi ya maziwa, gia ya kwenye usukani, viti vilevile vilivyokuja nayo. Nikashuka nayo taratibu kutoka Ukonga, nikaifuata Barabara ya Nyerere, nikapita mjini, nikavuka daraja la Selander kwenda upande wa pili, ambako kulitangazwa mkusanyiko wa magari ya kale. Tangazo lilisema mwenye gari lolote la zamani anakaribishwa. Getini kijana wa kizibao cha njano akanisimamisha, akalizunguka gari mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake. Huyo mkubwa, ambaye namzaa kabisa, hata shikamoo hakunipa. Akasema hivi: "Mzee, humu ndani ni klasiki tu. Mikweche inapaki kule nje, karibu na bodaboda."

Mkweche!

Nikachungulia ndani. Kulikuwa na Mercedes za miaka ya tisini zimepangwa mstari mzima. Kulikuwa na Land Cruiser ambayo nina hakika kabisa ni ya 1996, kwa sababu ofisini kwetu tulikuwa na ya aina hiyo hiyo. Hizo ni klasiki. Gari lililokuwa barabarani miaka 28 kabla ya hilo Land Cruiser halijaunganishwa ndiyo mkweche. Naomba mtu anieleze kipimo kinachotumika ni kipi, kwa sababu umri sicho.

Sasa ngoja niwaambie gari mlilolifukuza getini ni gari gani.

Mashindano ya Safari, zile mbio za magari za masafa marefu, yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya uwanjani. Ilikuwa barabara yetu ileile ya vumbi na tope, wakati wa Pasaka, masika yamechachamaa. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tu tena. Miaka yote miwili wa kwanza alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa ndani ya Pijo 404. Lakini katikati hapo ndipo penye roho yangu: mwaka 1966 na mwaka 1967, mfululizo, mshindi alikuwa Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell. Pijo 404 tena. Na Shankland, Mskoti kwa kuzaliwa, alikuwa mtu wa hapa hapa, akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Kombe la Safari lilichukuliwa mara mbili na mkazi wa mji huu, kwa gari hili, na leo mji huuhuu unalipeleka gari hilo likasimame na bodaboda.

Baba aliyasikia matokeo hayo redioni. Alikuwa karani bandarini, hana gari, anapanda baiskeli kutoka Magomeni. Alituambia mara nyingi kwamba siku ile aliamua, nikinunua gari litakuwa lile. Ikamchukua mpaka 1974, na aliinunua ikiwa imeshatumika na Mhindi mmoja wa Upanga aliyekuwa anahama nchi. Mama alilia, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kiwanja.

Kwetu ni Kibiti. Mnaoijua barabara ya kusini leo mnaijua ikiwa na lami. Sisi tunaijua wakati masika yakianza mabasi yanalala njiani siku tatu, abiria wanapika uji pembeni. Baba alikuwa anapita na 404, watoto sita nyuma, mbele mama na bibi na kuku. Springi zake za nyuma ni za koili, zina mchezo mrefu, gurudumu linaingia shimoni na kutoka bila mtu kugonga kichwa. Betri ikifa unatoa hendeli kwenye buti, unaichomeka mbele, unapiga, gari linawaka. Mpaka leo hendeli ninayo.

Na injini, wakuu. Imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti liwe chini. Sentimita za ujazo 1618. Laina za silinda, yale makopo ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomolewa, unaweka nyingine, unapachika pistoni mpya, kazi imekwisha, bloku halihitaji kupelekwa kuchongwa. Ndiyo maana fundi wa mtaa wa Gerezani mwenye boksi moja la spana aliweza kuifanyia ovahoo chini ya mwembe. Feni yake inajishika na kujiachia yenyewe kufuata joto la injini, kitu ambacho magari mengi ya wakati ule hayakuwa nacho. Difu lake, yaani gia za katikati ya magurudumu ya nyuma, ni la skrubu, si la pinioni kama mlivyozoea, halina kelele kabisa, ila ukiliwekea oili isiyo yake linakufa (hapa ndipo wengi walipoziua gari zao wakasema Pijo mbovu). Umbo lilichorwa Italia, na Pininfarina. Jina hilohilo mkilisikia kwenye Ferrari mnatoa macho. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.8. Hilo ndilo gari lisilostahili kuingia getini.

Nimeongea na fundi wangu, mzee aliyeanza gereji akiwa na miaka kumi na nne, nikamuuliza kwa nini watu wanaidharau. Akasema, "Mwanangu, kwa sababu ilifanya kazi." Nimelifikiria sana jibu hilo. Benzi walipanda wakubwa, kwa hiyo leo mwenye Benzi anajiona amekaa kiti cha mkubwa. Pijo ilibeba walimu, makarani, wagonjwa wa kukimbizwa Muhimbili, magunia ya mkaa, jeneza la babu yangu juu ya kerea. Miaka ile ya shida ya mafuta, gari binafsi lilipokatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, sisi watoto tulikuwa tunakimbilia dirishani saa nane kasoro kumi kumwangalia baba kama atawahi kufika nyumbani. Ni gari la maisha yetu sisi, na inaelekea ndiyo kosa lake.

Sina ugomvi na Mercedes. Wala si 404 peke yake inayoonewa. Datsun Violet, iliyompa Shekhar Mehta Safari nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982, nani anaitunza hapa mjini? Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh ya 1974 na 1976 je? Mnajua kwamba mwaka 1972 mbio zile zilianzia hapa hapa Dar? Waulizeni wenye mikusanyiko hii. Watawatajia bei za minada ya Ulaya bila kukosea hata moja, hilo hawalijui.

Kilichonifanya niandike leo si getini tu. Ni cha Jumatano.

Jumatano nilikuwa Buguruni kutafuta bushi. Nikapita kwenye yadi moja ya chuma chakavu nikaona taa za nyuma ninazozijua hata usiku. 404 station wagon, ile ndefu ya viti vya mistari mitatu. Bodi kutu kidogo chini ya milango, chumvi ya bahari haimwachi mtu mji huu, lakini paa zima, boneti zima, sakafu inakanyagika. Vijana wawili wameshawasha gesi wanakata nguzo ya mbele. Nikapiga kelele kama nimeona mtu anachinjwa. Mwenye yadi akaja, mtu mstaarabu tu, akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, hii nani anaitaka? Imeletwa na familia, wanasema inawajazia uwanja." Nikamwambia mimi naitaka. Akanionyesha: nguzo ya kulia tayari ilikuwa imekatwa chini na juu. Nikanunua milango minne, mlango wa nyuma na kioo chake, kwa kilo. KWA KILO! Kama mabati.

Mnaona jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana? Ile familia haikuwa na roho mbaya. Kila waliyemuuliza aliwaambia ni mkweche. Mngekuwa mnaziita majina yake, mngekuwa mnazipanga mstari mmoja na hizo Benzi zenu, mtoto wa ile nyumba angejua babu yake aliacha nini uwanjani. Na hazirudi. Gari lililozidi miaka 10 likiingizwa nchini linapigwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, nani ataagiza 404? Zilizopo ndizo hizi, na mafundi wanaozijua ndio hawa wazee, wanaondoka mmoja mmoja, hakuna kijana anayeandika wanachokijua.

Pale Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kuna magari ya viongozi, mpaka Rolls-Royce ipo. Vizuri, yatunzwe. Naomba iwekwe na 404 moja pembeni, na maelezo kwamba gari la aina hii liliendeshwa na mtu wa Dar likashinda Safari 1966 na 1967. Barua nimeshaandika.

Mwenye 404 uwanjani kwake, iwe Temeke, Mbagala, Kigamboni, Kibaha, iwe imekaliwa na kuku, asimpigie mtu wa skrepa kabla hajaniandikia hapa. Sina fedha nyingi lakini nitatafuta gari la kuvuta na nitakuja mwenyewe. Mwenye kujua fundi anayeliweza difu la skrubu anitajie eneo, nina wangu mmoja tu na anaumwa. Mwenye picha za zamani za familia na Pijo yao aziweke hapa chini, hata kama imefifia.

Na wewe bwana wa getini, kama unasoma: mkusanyiko ujao nakuja tena na gari lilelile, nimeshaongea na wenzangu wanne wenye Pijo. Karibu na bodaboda hatupaki.