Waigizaji tupeane uzoefu: siku ulipoacha kujipangia kila kitu

Wanajamvi, nianze mimi. Nilikuwa mtu wa kupanga. Kila mstari niliuwekea alama kwa kalamu: hapa shusha sauti, hapa geuka, hapa chozi. Kwenye onyesho la mama anayeletewa barua ya msiba, chozi lilitoka palepale nilipolipangia. Mwongozaji akaniambia, "Chozi nimeliona, mama sijamwona." Iliniuma wiki nzima.

Mazoezi yaliyofuata, mwenzangu akasahau kunipa ile barua. Alisimama nayo kimya. Mpango wangu wote ukakatika, nikabaki naangalia vidole vyake vinavyokunja kona ya bahasha, vikiikunja na kuikunjua. Nikaelewa kilichomo kabla sijaishika. Sikulia hata tone. Nilikaa chini tu, miguu imeniishia, na mazoezi yakasimama kwa muda.

Tangu hapo nashika zoezi la kurudiarudia la Sanford Meisner, aliyefundisha waigizaji New York tangu miaka ya 1930. Mnatazamana, mmoja anasema anachokiona: "Umekunja uso." Mwingine anarudisha: "Nimekunja uso." Mnaendelea hivyo mpaka kauli inabadilika yenyewe. Hupati nafasi ya kujisikiliza, maana masikio yote yako kwa mwenzako. Mistari bado naikariri mpaka naisema huku nafua nguo, tena hapo sina mchezo. Ninachoacha ni kuamua mapema nitaisemaje.

Wengine ilikuwaje?

Pazia: Kwangu ilikuwa mbele ya kamera. Nilitoka jukwaani, nikazoea kupaza kila kitu, kwenye skrini naonekana kama nagombana na mtu aliye mbali. Tulirudia mara tisa. Ile ya tisa nimechoka, sikumbuki hata kutengeneza sura. Ndiyo waliyoichukua.

Mtoto wa Jukwaa: Naomba niongeze jambo, kwa sababu lilinikuta. Kwenye maonyesho ya kupigana msiachie. Mwenzangu alizama kwenye hasira akanivuta nje ya hatua tulizokubaliana, bega likateguka. Hatua za ugomvi zihesabiwe kama za ngoma, kila siku zilezile. Hasira ibaki machoni na kwenye sauti.

Mwanzisha mada: Pole sana, na asante, hilo nilipaswa kulitaja mwanzoni. Pazia, hiyo mara ya tisa akili yako ilikuwa wapi?

Pazia: Nilikuwa namsikiliza mwenzangu anavyopumua.