Mnatubeba ujinga na hizo "PG" za kujichorea

Wadau, hii tabia imezidi sasa. Shule zikifungwa tu, chaneli za vichekesho vya mtandaoni hapa Nairobi zinamwaga episodi mpya kila kukicha, na kwenye kona ya skrini mtu amebandika "PG" (alama ya filamu inayotaka mwongozo wa mzazi) aliyoichora kwa simu. Chini yake ameandika "burudani ya familia nzima". Mzazi akiuliza kwenye grupu la mtaa kama inafaa watoto, jibu linalorudi ni lile lile: "Iko sawa, haina matusi mengi." Mengi ni mangapi? Na nani aliwaambia kuhesabu matusi ndiko kuainisha?

Tuanze na hiyo PG. Alama hizo ni za Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222: GE kwa kila mtu, PG, 16, 18, halafu zile ambazo Bodi inazikataa kabisa. Ukijibandikia mwenyewe, video yako haijaainishwa na mtu. Umeonyesha tu kwamba una programu ya kuhariri. Na hata PG halali haimwambii mzazi amwachie mtoto simu aende zake. Inamtaka awepo, au awe ameitazama kwanza.

Sasa hebu tazameni kile mnachokiita "safi". Sebule, kochi, mlango wa jikoni. Mdosi amerudi kabla ya bibi yake, anampita mboch, yaani msichana wa kazi, akiosha vyombo, anamshika makalio. Mboch anaruka, sufuria inaanguka. Muziki wa katuni unaingia, kicheko cha kurekodiwa kinafuata, kamera inamsogelea mdosi akikonyeza jicho. Hakuna tusi hata moja hapo, kwa hivyo mhesabu matusi anaipitisha. Lakini mtoto wa miaka 10 ameonyeshwa, kwa muda mfupi kuliko tangazo la sabuni, kwamba kumshika msichana wa kazi ni mzaha, na akishtuka ndipo utamu unaongezeka.

Halafu watu hao hao wanawaka moto kwa sababu ya mzaha wa kujamba ndani ya lifti. Jamani! Mtoto wa Gredi ya 4 atacheka, atairudia mezani, atakemewa, imeisha. Uchafu wa choo na uchafu wa ngono havikai kapu moja, na mtu asiyeona tofauti hiyo asiwaainishie wenzake chochote.

Kinachopimwa ni hiki. Nani anachekwa? Kama ni mwenye nguvu, mchezo mzuri. Kama kila episodi ni soja wa geti na lafudhi ya kabila lake, mtu mnene, mlemavu au mboch, basi huo ndio msingi wa mfululizo wote, na hakuna tukio moja la kukata likausafisha. Tusi linatumikaje? Mtu akipondwa kidole na nyundo na tusi likamtoka, hilo ni jambo moja. Tusi la nguoni likiwa ndilo kichekesho chenyewe, mstari mzima umejengwa kulifikia, mtoto atalibeba hilo hadi shuleni kwa sababu ndilo lililochekesha. Je, jambo linaigika? Keg inayobugiwa kwa mashindano inaigika, ishara ya vidole inaigika. Na mwisho, baada ya kitendo kinatokea nini? Mara nyingi jibu ni: hakuna, episodi imeisha, "usisahau kusabskraibu".

Namna ya kukagua pia mnakosea. Mnafungua episodi ya kwanza, mnatazama dakika moja, mnatoa hukumu. YouTube ilikuwa inabana mapato ya video yenye matusi mazito ndani ya sekunde 7 za kwanza, ikalegeza Julai 2025. Wahariri walishazoea kuacha mwanzo ukiwa mweupe na kumwaga uchafu baadaye, kwa hiyo mwanzo haukuambii kitu. Chukua tatu: ya kwanza, ya katikati na ya hivi karibuni, kwa maana mifululizo hii huzidi kuwa michafu kadiri inavyofukuzia watazamaji. Itazame bila sauti kwanza, utaona mikono na viuno ambavyo mazungumzo yalikuwa yanavificha. Kisha isikilize bila kutazama. Hapo utasikia ule mlio wa "piii" ulioingia kwa kuchelewa, silabi ya kwanza imeshapita na hata mtoto anamalizia. Halafu soma maandishi ya chini. Hapa ndipo wanapojisahau zaidi: sauti imefunikwa, lakini neno limeandikwa zima, herufi nyeupe juu ya nyeusi, au limewekewa nyota moja katikati kana kwamba sisi hatujui kusoma.

Wanaosema "kichujio cha YouTube kitazuia" wajue kinavyofanya kazi. Mwenye chaneli akipakia video anaulizwa mambo mawili tofauti. La kwanza: imetengenezwa kwa ajili ya watoto? Swali hilo lilianza kutekelezwa mapema 2020, baada ya Google na YouTube kukubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 170 Marekani kwa sababu ya data za watoto. Linahusu data, matangazo na maoni. Kujibu "hapana" hakumzuii mtoto yeyote kutazama. La pili, chini zaidi, ni kuizuia kwa walio chini ya miaka 18. Hilo ndilo lenye meno: bila akaunti yenye umri unaofaa, video haifunguki. Na hilo ndilo wanaloliruka, kwa sababu ukiliweka matangazo yanapungua au yanakatika kabisa. Ni pesa, basi. Msituletee hadithi ya "sanaa".

Kichujio chenyewe, kile kinachoitwa Restricted Mode, hutegemea kichwa cha video, maelezo yake, na kama imewekewa kizuizi cha umri. Kichwa kikiwa "Mama mboga na mpangaji mpya", na Sheng inabadilika kila mwaka, kitashika nini? Tena kinawekwa kwenye kila kifaa au kivinjari. Ukikiweka kwenye simu, tivi ya sebuleni bado iko wazi. Hata akaunti ya mtoto inayosimamiwa na mzazi ina ngazi tatu: kuanzia miaka 9, kuanzia 13, na ile ya karibu YouTube yote isipokuwa za 18. Ukichagua hiyo ya tatu na mtayarishaji hakuweka 18, mtoto anaipata kama kawaida. Kwa hiyo kabla ya miaka 13 chagua ya kwanza, usibembelezwe.

Na klipu je? Wanakata sekunde 30 chafu kuliko zote, wanazitupa TikTok na kwenye video fupi bila hata ile PG bandia. Kutoka hapo ni status za WhatsApp, na huko hakuna umri wala kichujio.

Najua wa "ni jukumu la mzazi" wako njiani. Sawa. Mzazi aliye zamu Industrial Area hadi saa mbili usiku anategemea lebo, na lebo ndiyo mliyomdanganya nayo. Televisheni angalau ina saa: mambo ya watu wazima hayaruhusiwi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Mtandao hauna saa. Na wa "kwani kwa matatu hawasikii haya?" wakumbuke kwamba skrini za nganya zinaonyesha video hizi hizi, na Bodi imeshaonya kuhusu hilo.

Watayarishaji, mnachodaiwa si kikubwa. Toeni hiyo PG. Andikeni umri na sababu kwa Kiswahili mwanzoni, mfano "16: matusi, pombe, mzaha wa ngono", na ikae sekunde 5 nzima, isiwe mmweko. Cha 18 kiwekewe kizuizi cha 18. Klipu ibebe umri wa episodi ilikotolewa. Mkifunika tusi, funikeni na maandishi yake.

Mnaojibu hapa, wekeni namba ya episodi, dakika, na kilichopo kwenye hiyo dakika. "Sisi tulitazama na watoto na tukacheka" sitaijibu.