Re: Nyumba ya wazazi Ngaramtoni, tuweke nini juu ya dari?

> Habari zenu ndugu. Wazazi wanateseka na baridi ya mwezi wa saba, nyumba ni ya bati na dari ya jipsam. Huku Leeds naona bodi za PIR, zile ngumu za povu la kuzuia joto. Nipakie kwenye kontena, au ninunue vitu hapo hapo Arusha?

Dada, shikamoo, na hongera kwa kuwakumbuka wazee. Bodi usipakie. PIR ni nzuri kweli: kiwango chake cha kupitisha joto ni kama 0.022, wakati pamba ya kioo, ile ya njano inayowasha ngozi, ni kama 0.04. Kwa hiyo sentimita 10 za pamba zinafanya kazi ya PIR ya sentimita 5 na nusu hivi. Bodi zinalipa pale nafasi ilipo finyu. Darini kwa wazee nafasi ipo tele, sasa ulipie usafiri na ushuru wa nini?

Fundi atakwambia foili ya kung'aa chini ya bati inatosha. Moshi mjini, wanakopambana na jua, namuunga mkono: joto la bati linashuka kwa mionzi na foili inalirudisha, mradi upande unaong'aa uwe na uwazi wa hewa. Ngaramtoni shida ni usiku. Joto la chumbani linapenya jipsam, hewa ya darini inalipandisha hadi kwenye bati, na foili peke yake hailizuii vya kutosha. Hapo dawa ni unene. Huko Uingereza mnashauriwa pamba ya sentimita 27; kwa baridi yetu mimi ningetandika 10, bila kuacha mianya.

Styrofomu ni rahisi, lakini inashika moto upesi na inaharibu nyaya za umeme zinazoigusa. Kwa wazee, hapana.

Tena angalieni unyevu. Mbingu ikiwa wazi usiku, bati linapoa kuliko hewa yenyewe. Alfajiri utaona matone yamening'inia kwenye ncha za misumari, yakidondoka jipsam inapata madoa ya kahawia. Pamba ikilowa haina kazi, hivyo matundu ya hewa pembezoni mwa paa yasizibwe. Yawekewe wavu wa kuzuia popo na panya.

Kabla hujatuma malipo ya mwisho, mwambie fundi apande darini apige picha kila kona, futi ikiwa imechomekwa kwenye pamba namba zisomeke. Pembeni kabisa, kwenye kuta, ndiko mafundi wanakorukaga bila kutandika.